Mashine, vyumba vya sigara au marufuku kamili? Tathmini ya kinachoondoa moshi kweli mahali pa umma

Mwenye mgahawa, hoteli, ofisi au ukumbi wa sherehe akilalamikiwa kuhusu moshi wa sigara, huletewa bidhaa nyingi kabla ya kushauriwa jambo moja ambalo haliuzwi dukani. Kuna mashine ya kusafisha hewa inayosimamishwa kando ya ukuta. Kuna feni na mabomba ya kuvuta moshi kuupeleka nje. Kuna chumba maalumu cha wavutaji, chenye vioo na mlango wake. Kuna mpango wa kugawa meza, wanaovuta upande huu na wasiovuta upande ule. Na kuna marufuku kamili: ndani ya jengo hakuna anayevuta, awe mteja, mfanyakazi au mwenye mali.

Tathmini hii inavipima vyote kwa swali moja. Mhudumu asiyevuta sigara, anayefanya kazi humo saa 8 kwa siku, anapumua hewa ya namna gani? Mteja hukaa saa moja akaenda zake. Mhudumu hana pa kukimbilia. Kwa kipimo hicho marufuku kamili hufaulu kila inapotekelezwa sawasawa, na vingine vyote huanguka, baadhi vibaya sana. Inafaa kueleza kwa nini, maana pesa nyingi hupotea hapa, na afya za watu pamoja nazo.

Moshi wenyewe

Iangalie sigara iliyoachwa kwenye kisahani cha majivu. Mvutaji anapoivuta, ncha hupata oksijeni na joto hupanda. Akiiweka chini, ncha hupoa na tumbaku huendelea kuungua polepole bila oksijeni ya kutosha. Uzi wa moshi wa buluu unaopanda hapo haujapita kwenye kichungi cha sigara wala kwenye mapafu ya mtu, na kwa kila gramu una sumu kuliko ule anaouvuta mwenye sigara. Huo ndio unaojaza chumba: takribani asilimia 85 ya moshi unaovutwa na watu wa pembeni hutoka kwenye ncha inayofuka, na sehemu ndogo tu hutoka mdomoni mwa mvutaji.

Ndani yake mna kemikali zaidi ya 7,000, na angalau 69 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Kwa anayetaka kununua mashine, jambo muhimu zaidi ni kwamba moshi huja kwa sura mbili. Kuna chembe, nyingi zikiwa na kipenyo cha kati ya mikromita 0.1 na 1, ndogo kiasi cha kufika ncha kabisa za mapafu na kuelea hewani kwa saa kadhaa. Na kuna gesi: kaboni monoksidi, benzini, fomaldehidi, akrolini, pamoja na nikotini, ambayo katika moshi wa ncha huwa zaidi ni mvuke. Chembe hukamatwa kwa njia moja, gesi kwa njia nyingine kabisa, na kaboni monoksidi haikamatwi na chombo chochote cha kawaida cha kusafisha hewa. Anayekuuzia mashine bila kukueleza tofauti hiyo ama haijui ama hataki uijue.

Mashine ya kusafisha hewa

Tuanze na sifa yake ya kweli. Chujio la HEPA hukamata angalau asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3, ambazo ndizo ngumu kuliko zote kukamatwa. Si porojo za biashara. Ndicho kipimo cha kulitambua chujio la aina hiyo. Hewa inayotoka upande wa pili wa chujio zima ni safi kwa upande wa chembe. Tatizo ni kwamba hewa ya chumba haipiti yote kwenye chujio kwa mara moja, na sigara haingoji.

Fanya hesabu hii kabla ya kutoa pesa. Sigara moja hutoa takribani miligramu 10 za chembe za PM2.5, yaani zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5. Chukua ukumbi wa mita za mraba 40 wenye dari ya mita 2.5, yaani mita za ujazo 100. Watu wachache wakivuta sigara 6 kwa saa, zinamwagwa humo miligramu 60 kila saa. Weka mashine nzuri inayotoa mita za ujazo 500 za hewa safi kwa saa, sawa na kubadilisha hewa ya ukumbi mara 5. Gawa 60 kwa 500 upate miligramu 0.12: hewa itatulia kwenye mikrogramu 120 kwa kila mita ya ujazo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka wastani wa saa 24 usizidi 15. Ili kuifikia 15 kwa sigara hizo 6, unahitaji mita za ujazo 4,000 kwa saa, hewa yote ya ukumbi ibadilishwe mara 40. Hiyo ni mashine 8 zikivuma pamoja kwa kasi ya juu kabisa, na bado gesi zote ziko palepale.

Hapo tumechukulia kwamba kila kitu kimewekwa vizuri, jambo ambalo ni nadra. Namba ya CADR iliyoandikwa kwenye boksi, yaani kiasi cha hewa safi ambacho mashine hutoa, hupimwa feni ikiwa kwenye kasi ya juu. Kwa kasi hiyo mashine hupiga kelele, kwa hiyo wafanyakazi huipunguza hadi kasi ya chini, na uwezo wake ukashuka hata chini ya nusu. Huwekwa nyuma ya kochi au kwenye kona, mahali ambapo huzungusha hewa ileile iliyokwisha kuisafisha. Chujio la HEPA hubadilishwa kwa kuchelewa, na kadiri linavyojaa lami ndivyo hewa inayopita inavyopungua, ingawa taa ya mbele huendelea kuwaka kijani.

Kuhusu gesi, watengenezaji huongeza tabaka la mkaa maalumu. Mkaa huo husaidia kunyonya harufu na baadhi ya mivuke kama benzini, lakini kiasi chake ndicho kila kitu. Mashine nyingi za bei ya chini zina kitambaa chembamba kilichonyunyiziwa unga wa mkaa, gramu chache tu. Mahali panapovutwa sigara hujaa upesi, na baada ya hapo huweza hata kuanza kurudisha harufu chumbani siku za joto. Ukiona mashine imetangazwa kuwa ni ya moshi, uliza uzito wa mkaa kwa kilo. Fomaldehidi haishikwi vizuri na mkaa wa kawaida, na kaboni monoksidi haishikwi kabisa.

Hapo ndipo hatari ya mashine hizi ilipo. Huondoa harufu kabla ya kuondoa sumu. Mtu huingia, asisikie chochote puani, akaamini hewa ni salama.

Mashine zinazotoa ozoni tunazikataa moja kwa moja. Ozoni yenyewe huchoma njia ya hewa na kuwaamshia pumu wenye ugonjwa huo. Zaidi ya hayo, ikikutana na nikotini iliyoganda kwenye kuta na mapazia, hutengeneza fomaldehidi na chembe mpya, ndogo kuliko zile za mwanzo. Usiiwashe mahali penye watu.

Je, mashine ya HEPA haina kazi? Inayo. Ni kifaa kizuri dhidi ya vumbi, chavua na moshi unaotoka nje ya jengo, mahali ambapo chanzo hakiwezi kuzimwa. Sigara inaweza kuzimwa.

Chumba cha wavutaji

Hiki ndicho mbadala unaoheshimika kuliko vyote, na ndicho ghali kuliko vyote. Ukitaka kujua kinahitaji nini ili kifanye kazi walau nusu, tazama masharti ya Italia, ambayo sheria yake ya kuzuia uvutaji ilianza kutumika tarehe 10 Januari 2005 na kuruhusu vyumba vya aina hii. Hewa lazima iwe lita 30 kwa sekunde kwa kila mtu, kwa hesabu ya watu 0.7 kwa kila mita ya mraba. Shinikizo la hewa ndani ya chumba lazima liwe chini ya lile la vyumba jirani kwa angalau paskali 5, ili hewa iwe inaingia mlangoni, si kutoka. Hewa yote itupwe nje, isirudishwe kwenye mfumo wa jengo.

Kwa chumba cha mita za mraba 20, masharti hayo yana maana ya watu 14 na lita 420 kwa sekunde, yaani mita za ujazo kama 1,500 kila saa. Hewa hiyo yote hutoka kwenye kumbi za jirani, ikiwa imeshapozwa au kupashwa joto kwa umeme uliolipiwa, kisha inatupwa nje. Si ajabu kwamba wenye biashara wengi nchini humo, walipoona masharti hayo, waliona heri wakataze kabisa.

Na hata hapo moshi hupenya. Mlango wa bawaba ukifunguliwa hufanya kazi kama pampu: husukuma furushi la hewa ya chumbani kwenda ukumbini. Mlango wa kusukuma pembeni una nafuu, lakini mtu anayetoka huburuta hewa nyuma yake, nguo zake hutoa mvuke wa nikotini, na pumzi zake za kwanza bado zina moshi. Feni ya jikoni ikiwashwa huweza kuzidi nguvu ile ya chumba cha sigara na kugeuza mwelekeo wote, hewa ikaanza kutoka chumbani kwenda kwa wateja. Hili hutokea mara nyingi kuliko wakandarasi wanavyokiri. Kulipima ni rahisi: chukua kipande chembamba cha karatasi laini, kishike mbele ya upenyo wa chini wa mlango uliofungwa, feni zote za jengo zikiwa zimewashwa. Karatasi ikielekea ndani, shinikizo liko sawa kwa dakika hiyo. Ikining'inia tu au ikipepea kuelekea nje, chumba kinavuja.

Viwanja vya ndege ndivyo vyenye pesa na wahandisi wa kukijenga chumba hiki vizuri. Kituo cha Udhibiti na Kinga ya Magonjwa cha Marekani kilipima hewa ya viwanja kadhaa vikubwa nchini humo na kutoa matokeo mwaka 2012. Ndani ya vyumba na maeneo ya wavutaji, uchafu wa hewa ulikuwa mara 23 ya ule wa viwanja visivyoruhusu sigara kabisa. Hilo lilitarajiwa. Ila nje ya mlango tu, mahali ambapo abiria wengine hukaa kusubiri ndege na watoto wao, ulikuwa mara 5.

Kuna swali jingine ambalo wauzaji hawalipendi: nani anaingia kumwaga visahani vya majivu na kupiga deki humo ndani? ASHRAE, chama cha wahandisi wa mifumo ya hewa ambao kazi yao ndiyo hiyohiyo ya kubuni viyoyozi na feni, kilisema wazi mwaka 2005 kwamba njia pekee inayoondoa hatari ya moshi huu kwa afya ndani ya jengo ni kuzuia uvutaji wenyewe. Wahandisi wa feni wakisema feni haitoshi, hoja imeisha.

Kugawa meza

Hakuna cha kusema kirefu. Hewa haisomi vibao. Katika ukumbi mmoja moshi hutawanyika kote kwa dakika chache. Hotelini hata kuta hazitoshi: utafiti wa San Diego uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba katika hoteli zinazoruhusu sigara kwenye baadhi ya vyumba, hata vile vya wasiovuta vilikuwa na nikotini kwenye meza na samani zaidi ya mara mbili ya ile iliyokutwa katika hoteli zisizoruhusu kabisa. Hupita kwenye korido, mabomba ya hewa na chini ya milango.

Marufuku kamili: matokeo yaliyopimwa

Ayalandi ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuondoa sigara katika sehemu zote za kazi zilizo ndani ya majengo, baa zikiwemo, tarehe 29 Machi 2004. Skotilandi ikafuata tarehe 26 Machi 2006, na Uingereza penyewe (England) tarehe 1 Julai 2007. Kwa kuwa watafiti walijua tarehe mapema, walipima hewa, damu na mate ya watu kabla na baada. Ndiyo maana hapa hatuna haja ya kubahatisha.

Hewa kwanza. Katika baa za Skotilandi zilizopimwa, wastani wa chembe za PM2.5 ulishuka kutoka mikrogramu 246 kwa mita ya ujazo hadi 20, na ukipima kila baa peke yake, wastani wa punguzo ulikuwa asilimia 86. Hakuna mashine iliyonunuliwa. Rudi kwenye hesabu yetu ya mashine 8 uone tofauti.

Kisha miili. Kotinini, ambayo ni mabaki ya nikotini mwilini, hupimwa kwenye mate, na huonyesha moshi uliovutwa katika siku chache zilizopita. Kwa watu wazima wasiovuta wa Skotilandi ilishuka kwa asilimia 39. Wapo waliohofia kwamba wavutaji wakifukuzwa baa watakwenda kuvutia nyumbani mbele ya watoto. Hilo halikutokea: kwa watoto wa darasa la mwisho la shule ya msingi kotinini nayo ilishuka kwa asilimia 39.

Mapafu ya wafanyakazi hupata nafuu upesi kuliko wengi wanavyodhani. California ilipozuia sigara kwenye baa mwaka 1998, wahudumu 53 wa baa za San Francisco walipimwa kabla na wiki chache baada ya hapo. Kati ya waliokuwa na kikohozi, makohozi, mluzi kifuani au kubanwa pumzi, asilimia 59 hawakuwa tena na dalili hizo. Kiasi cha hewa walichoweza kutoa kifuani kwa pumzi moja nacho kiliongezeka.

Jambo lililowashangaza hata madaktari ni moyo. Saratani ya mapafu huchukua miaka mingi kuota, kwa hiyo faida yake haionekani haraka. Mshtuko wa moyo haungoji. Katika hospitali 9 za Skotilandi, waliolazwa kwa mshtuko wa moyo na maumivu makali ya moyo yanayokaribia mshtuko walipungua kwa asilimia 17 katika mwaka uliofuata sheria, ilhali Uingereza, ambayo haikuwa bado na sheria hiyo, punguzo lilikuwa asilimia 4 tu. Ukiwatenganisha wagonjwa: wavutaji walipungua kwa asilimia 14, walioacha kuvuta kwa 19, na wasiowahi kuvuta maishani kwa 21. Waliopata nafuu kubwa kuliko wote ni wale ambao sigara haikuwa yao.

Sababu yake iko kwenye mishipa. Moshi kidogo tu hufanya chembe sahani za damu zinate na kuganda kirahisi, na hukakamaza ukuta wa ndani wa mishipa ili isitanuke inavyopaswa. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba dakika 30 za kukaa ndani ya moshi zilitosha kushusha uwezo wa mishipa ya moyo ya vijana wasiovuta kuongeza mtiririko wa damu, hadi ukafikia kiwango cha wenzao wanaovuta. Kwa mtu ambaye mishipa yake imeshaziba nusu bila yeye kujua, nusu saa hiyo inaweza kuwa ndiyo ya kumwangusha. Anayeishi au kufanya kazi na wavutaji ana hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyo juu kwa asilimia 25 hadi 30, ingawa moshi anaouvuta ni sehemu ndogo sana ya ule wa mvutaji. Hii ndiyo sababu ya kusema hakuna kiwango kidogo kilicho salama, na ndiyo sababu kupunguza moshi nusu kwa mashine hakupunguzi hatari nusu.

Tahadhari moja kwa wanaopenda kunukuu takwimu. Mji wa Helena, Montana, nchini Marekani, hutajwa sana: katika miezi 6 ya marufuku mwaka 2002, waliolazwa kwa mshtuko wa moyo walipungua kwa asilimia 40, kisha mahakama ikasimamisha sheria na idadi ikapanda tena. Ni kweli, ila ni mji mdogo; tunazungumzia wagonjwa 40 kuwa 24, na kwa idadi ndogo hivyo bahati ina nafasi yake. Pueblo, Colorado, punguzo lilikuwa asilimia 27 ndani ya miezi 18 na 41 baada ya miaka 3. England nzima lilikuwa asilimia 2.4 tu katika mwaka wa kwanza, kwa sababu sehemu nyingi za kazi zilikuwa zimeshakataza sigara kabla ya sheria na hivyo kilichobaki kuondolewa kilikuwa kidogo. Lakini asilimia hiyo 2.4 ni takribani watu 1,200 ambao hawakukimbizwa hospitali. Anayeahidi asilimia 40 kila mahali anawapa wapinzani silaha. Linalosimama ni kwamba mwelekeo ni uleule karibu kila palipopimwa, na penye moshi mwingi kabla ya sheria ndipo faida huwa kubwa.

Watoto ndio tunaowajali zaidi, kwa kuwa hawachagui meza ya kukaa. Skotilandi, kulazwa kwa watoto chini ya miaka 15 kwa pumu kulikuwa kukipanda kwa asilimia 5.2 kila mwaka. Baada ya sheria kukaanza kushuka kwa asilimia 18.2 kwa mwaka. Uchambuzi uliounganisha tafiti 11 za Ulaya na Amerika Kaskazini, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta watoto wanaozaliwa kabla ya wakati wakipungua kwa asilimia 10.4, na wanaofikishwa hospitali kwa pumu kwa asilimia 10.1. Mjamzito anayehudumia wateja kwenye ukumbi uliojaa moshi anawahudumia watu wawili kwa mapafu yake, na wa pili hana njia ya kulalamika.

Wavutaji nao hufaidika. Mahali pa kazi pasiporuhusu sigara kabisa, idadi ya wanaovuta hushuka kwa takribani asilimia 4 ya wafanyakazi wote, na wanaoendelea hupunguza kama sigara 3 kwa siku.

Inapofeli

Marufuku ina kasoro zake, na karibu zote hutokana na maneno ya sheria au uzembe wa utekelezaji. Ya kwanza ni baraza lililogeuzwa chumba. Sheria inasema ndani ni marufuku, mwenye baa anafunika ua kwa paa na kushusha maturubai pande tatu, halafu anapaita nje. Uingereza ilijaribu kuliziba hili kwa kipimo: mahali penye paa huhesabiwa kuwa pa ndani ikiwa sehemu zilizo wazi hazifiki nusu ya eneo la kuta. Kipimo kinasaidia, lakini turubai hushushwa usiku mkaguzi akiwa amelala. Kwa afya, lililo rahisi ni hili: penye paa na kuta mbili, hesabu ni ndani.

Ya pili ni kumtoza faini mvutaji peke yake. Wajibu lazima uwe pia wa mwenye jengo, kwani yeye ndiye mwenye uwezo wa kuondoa visahani vya majivu, kuweka vibao na kukataa kumhudumia anayekaidi. Miongozo ya kifungu cha 8 cha Mkataba wa Udhibiti wa Tumbaku wa Shirika la Afya Duniani, iliyopitishwa mwaka 2007, inasema hivyo hivyo, na inakataa vyumba vya wavutaji na feni kama kinga.

Ya tatu ni shisha. Wengi huiacha nje ya katazo kwa imani kwamba maji huchuja moshi. Maji huupoza tu, na kwa kuwa umepoa, mtu huuvuta kwa kina zaidi. Kaboni monoksidi hutoka kwenye makaa yanayowekwa juu ya bakuli, hupita kwenye maji kama ilivyo, na hujaa ukumbini kwa muda wote ambao makaa yanawaka, hata kama hakuna anayevuta dakika hiyo. Ukumbi wenye makaa 10 yanayowaka na madirisha yaliyofungwa unaweza kuwapa wahudumu kichwa kuuma, kichefuchefu na kizunguzungu, ambazo ni dalili za sumu hiyo. Marufuku isiyotaja shisha haijakamilika. Sigara za kielektroniki hazina makaa na wingu lake hupotea upesi zaidi, lakini zijumuishwe vilevile: hutoa nikotini na chembe, na mhudumu hawezi kusimama kwenye kila meza akichunguza wingu lipi ni la nini.

Kuiweka mahali pako

Siku ya kuanza, ondoa visahani vya majivu vyote kabla ya kuweka kibao chochote. Kisahani mezani ni ruhusa, hata kibao kiseme nini. Weka chombo kimoja chenye mchanga nje, pale unapotaka watu wavutie, na kimoja kidogo cha kuzimia sigara kwenye njia ya kuingilia ili mtu asiingie nayo. Kibao kikae mlangoni kwa urefu wa macho, kingine chooni, maana chooni ndiko watu hujificha.

Eneo la nje lichaguliwe kwa akili. Hewani pa wazi, kiwango cha moshi hushuka sana ukiwa zaidi ya mita 2 kutoka kwa mvutaji mmoja, lakini wakiwa watano sita mbele ya mlango jengo huvuta moshi wao ndani kila mlango unapofunguka. Tunapendekeza mita 8 hadi 10 kutoka mlangoni, madirishani na hasa kwenye tundu linaloingiza hewa ya kiyoyozi, ambalo wengi husahau liko wapi. Litafute kwanza.

Mfundishe mhudumu maneno mafupi ya kusema bila kugombana: "Samahani ndugu, humu ndani hatuvuti sigara. Pa kuvutia ni pale nje, meza yako nakulindia." Akikataa, mhudumu asibishane, amwite msimamizi, na huduma ya meza hiyo isimame hadi sigara izimwe. Watu wengi huzima kwa sentensi ya kwanza.

Ukitaka ushahidi, pima. Kipimo kidogo cha PM2.5 kinachotumia mwanga wa leza kinatosha kulinganisha kabla na baada, kikiwekwa mahali palepale, kimo cha mtu aliyeketi, saa zilezile, mbali na jiko na mlango. Usiamini namba moja moja: mafuta ya kukaanga, vumbi la kufagia na unyevu mwingi huipandisha vilevile. Kama unataka jibu lisilobishaniwa, tumia kichujio kidogo cha nikotini, kinachoning'inizwa kwa siku 7 kisha kupelekwa maabara. Nikotini haitoki jikoni.

Usishangae kichujio hicho kikionyesha nikotini kidogo hata baada ya wiki kadhaa za utii kamili. Iliyoganda kwenye kuta, dari, mapazia na makochi huendelea kurudi hewani, na ikikutana na gesi ya asidi ya nitrasi, inayotoka pia kwenye majiko ya gesi, hutengeneza viini vya saratani vya aina inayopatikana kwenye tumbaku. Kufungua madirisha hakutoshi. Anza na machujio ya viyoyozi na mabawa ya mapangaboi, kisha mapazia na vitambaa vifuliwe, makochi ya sponji ya zamani yatolewe ikiwezekana, halafu dari na kuta zioshwe kwa maji ya moto yenye sabuni, ukibadilisha maji kila yanapogeuka rangi ya chai. Rangi ije mwisho, ukuta ukiwa umekauka, na itanguliwe na tabaka la kuziba madoa. Ukipaka rangi juu ya ukuta ambao haujaoshwa, michirizi ya manjano hujitokeza tena, na harufu hurudi nayo siku ya kwanza yenye unyevu.